Mwenye Kazi Kuichunguza Kazi Yake

I

Miongoni mwa waandikao juu ya elimu kumekuwako mabishano ya siku nyingi: je, mtu aweza kuichunguza kazi anayoifanya mwenyewe, na uchunguzi wake ukahesabiwa kuwa elimu ya kweli, sawasawa na ule wa mtaalamu wa chuo kikuu atokaye mbali? Kiswahili kina mithali mbili ambazo zikiwekwa pamoja zaonyesha ugumu wa jambo hili. Ya kwanza yasema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ya pili yasema, Nyani haoni kundule. Wanaomtetea mwenye kazi huishika ile ya kwanza. Wanaomkataa huishika ya pili. Sisi twaona ya kuwa zote mbili ni kweli, na kosa la mabishano ni kudhani kwamba yapasa kuchagua moja na kuitupa nyingine.

Neno hili si la vitabuni tu. Twaliandika tukiziwaza shule za Oldonyo Sambu, kata iliyo upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Meru, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Namanga, mahali pakavu kuliko miteremko ya kusini ya mlima huo. Jina lenyewe ni la Kimaa: oldoinyo ni mlima, na sambu ni rangi ya kuchanganyika, kama ya ng'ombe mwenye mabaka. Wenyeji wengi ni Waarusha, ambao lugha yao ni Kimaa na kazi yao ni kulima pamoja na kufuga. Mtoto huingia darasa la kwanza na Kimaa chake. Hufundishwa kwa Kiswahili. Na akifika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu asimamaye katikati ya lugha hizo tatu huona kila siku mambo asiyoyaona mgeni. Hata hivyo ni mara chache aulizwapo. Wachunguzi huja na karatasi za maswali, hukaa siku chache, naye huwatafutia viti na kuwapangia watoto. Wakiondoka, yaliyoandikwa huondoka nao, na mwalimu hubaki na darasa lake kama lilivyokuwa. Mtoto ashindwaye huitwa mzito wa akili, wala hapana aliyepima kama ni akili au ni lugha. Basi swali la nani aaminiwe katika uchunguzi lamgusa mtoto huyo kuliko limgusavyo profesa.

II

Dai la kwamba mwalimu aweza kuwa mchunguzi si geni. Huko Marekani, Stephen Corey alilieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1953, akisema kwamba walimu hubadili mwenendo wao upesi zaidi kwa yale waliyoyachunguza wenyewe kuliko kwa yale waliyosomewa. Mwaka 1957 Harold Hodgkinson alimpinga, akieleza kwamba walimu hawana mafunzo ya kazi hiyo wala nafasi ya kuifanya. Kisha katika Uingereza, mwaka 1975, Lawrence Stenhouse alitoa kitabu chake juu ya utaratibu wa masomo, ambacho hata leo ndicho nguzo ya upande huu. Hoja yake, kwa kifupi, ni kwamba kila mpango wa masomo ni dhana tu mpaka ujaribiwe darasani. Na awezaye kuujaribu ni yule aliyemo darasani, yaani mwalimu.

Twaikubali hoja hiyo. Lakini Stenhouse alikuwa na neno la pili, nalo wafuasi wake wengi wamelisahau. Alisema kwamba uchunguzi ni kuuliza kwa utaratibu, na tena ni kuuliza kulikotangazwa hadharani, ili wengine wapate kuhukumu. Wengi wameshika kwamba mwalimu ni mchunguzi, wakaacha kwamba yampasa kujiweka mbele ya waamuzi. Kwa hiyo tunakutana mara nyingi na maandiko ambayo mwandishi aliona tatizo, akabuni njia, akaitumia, na watoto wakafaulu. Karibu yote yamalizika kwa ushindi. Msomaji mwenye busara hujiuliza: wale walioshindwa wako wapi? Hapo ndipo nyani na kundule wanapoingia, na wapingaji hupata haki ya kucheka.

Kwa hiyo tupime jambo hili kwa mifano iliyo kweli. Tumechagua mitatu kutoka Afrika Mashariki, kila mmoja ukiwa na fundisho lake.

III

Mfano wa kwanza uko jirani na Meru. Bruno Gutmann, mmishonari wa Leipzig, alifanya kazi katika Kilimanjaro kati ya mwaka 1902 na 1938, ukiacha miaka alipoondolewa baada ya Vita Kuu ya kwanza. Alijifunza Kichagga kwa undani, akaandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926, na mafundisho ya jadi ya kabila hilo katika vitabu vitatu vilivyotoka kati ya 1932 na 1938. Yeye hakuwa mtazamaji wa kando. Alikuwa mchungaji, na aliyoyachunguza aliyatumia: alitaka usharika ujengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, mafungamano aliyoyaona kuwa ya asili.

Kama kulalia kitanda kungetosha, basi Gutmann angekuwa shahidi asiyepingika, kwa kuwa ni wageni wachache waliokaa kwa watu wale muda mrefu kama yeye. Na kweli, yale aliyoyaandika kutoka vinywani mwa wazee yana thamani mpaka leo. Lakini tutazame hukumu yake juu ya mafungamano yale. Yeye ndiye aliyeujenga usharika juu yake, na ndiye huyo huyo aliyeshuhudia kwamba ni imara. Katika miaka hiyo hiyo mlima ulikuwa ukigeuka. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikaja chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha, mashamba ya kahawa na vyama vipya viliwafunga watu kwa kamba ambazo hazikuwa za ukoo wala za rika. Gutmann aliyaona mabadiliko hayo. Lakini aliyaona zaidi kama hatari ya kupigwa vita kuliko kama ushahidi wa kupimwa dhidi ya fikira yake.

Hatusemi hayo ili kumshusha. Twasema kwamba ujuzi wa ndani, hata ukiwa mwingi, haujithibitishi wenyewe. Mwenye kazi anayeipenda kazi yake ana sababu ya kutaka ionekane imefaulu, na sababu hiyo huzidi kadiri anavyojitoa.

IV

Mfano wa pili watoka Uganda, nao waonyesha mwenye kazi aliyeshinda hatari hiyo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago huko Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa saratani uliowashika watoto mataya. Ili kujua ugonjwa huo ulifika wapi, aliwaandikia madaktari wa hospitali za serikali na za misheni. Kisha mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000, wakiwauliza madaktari hospitali kwa hospitali kama wameuona. Kwa njia hiyo ramani ya ugonjwa ilipatikana, nayo ilifuata joto na mvua: penye baridi ya milimani ugonjwa haukuonekana.

Huyo Ted Williams alikuwa daktari wa hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua. Hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na daftari. Kwa kila mtoto aliyeletwa iliandikwa nyumbani kwao ni wapi na ugonjwa ulianza lini. Mwaka 1967 yeye na mtaalamu wa hesabu Malcolm Pike pamoja na mwenzao walitangaza katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za wagonjwa wa West Nile wa miaka 1961 hadi 1965, wakionyesha kwamba watoto waliokaa karibu karibu walielekea kuugua kwa nyakati zilizokaribiana. Jambo hilo liliwapa wataalamu sababu ya kutafuta kisababishi kipitacho kutoka mahali hadi mahali.

Twauliza: kwa nini hapana aliyesema kwamba Williams asiaminiwe kwa sababu wagonjwa walikuwa wake mwenyewe? Jibu ni kwamba alichokileta hakikuwa hukumu tu. Alileta orodha: mtoto, mahali, siku. Mtu asiyepata kumwona mgonjwa hata mmoja aliweza kukaa mbali na kuihesabu upya orodha ile, na kama hesabu ingekataa, ingekataa. Tena yaliandikwa siku ile mgonjwa alipokuja, kabla mwandishi hajajua yatamsaidia nani. Hiyo ndiyo tofauti ya Kuluva na Kilimanjaro. Wote wawili walikuwa ndani ya kazi. Mmoja alitoa kitu ambacho mwingine angeweza kukipindua.

V

Mfano wa tatu wajulikana na wengi, ila mara nyingi husimuliwa nusu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliweka maziwa yake yakiwa bado moto. Nayo yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia kwamba amekosea. Baadaye alikutana na rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba hiyo ndiyo njia yake ya siku zote, kwa kuwa hufanya kazi iende upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa darasani. Akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Mwisho alimwuliza Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza shuleni. Huyo hakucheka, alirudi akaagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja.

Watu husimulia habari hii ili kumsifu kijana na kuwalaumu walimu. Sisi twataka kumtazama yule muuzaji wa Tanga. Yeye ndiye mwenye kazi hasa. Alikuwa na ujuzi huo mikononi, akala kwa ujuzi huo, wala hakuna chuo kilichomjua. Lakini ujuzi wake ulibaki katika biashara yake kwa sababu hakuna aliyeupima wala kuuandika. Mpemba aliongeza swali; Osborne akaongeza kipimo cha joto na saa. Na hata hapo jambo halikuisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walitangaza majaribio yao, wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi, na wakaonyesha jinsi mahali pa kuwekea kipimajoto panavyoweza kubadili jibu. Wengine wangali wanabishana nao.

Je, mabishano hayo yamemvunjia Mpemba heshima? La. Fikira isiyoweza kupingwa haimo katika elimu bado. Na fikira ya mtoto wa shule ya Lushoto imekuwa ikijaribiwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 50. Wenye kazi wengi hutamani kusadikiwa. Yafaa watamani kujaribiwa.

VI

Sasa turudi Oldonyo Sambu, tuone mambo haya yangekuwaje pale. Mtaalamu P. H. Gulliver, aliyekaa miongoni mwa Waarusha katika miaka ya 1950, aliandika mwaka 1958 katika Tanganyika Notes and Records juu ya desturi yao ya kuonyesha hesabu kwa vidole. Desturi hiyo si ya kuinua kidole kimoja kimoja kama ifundishwavyo shuleni. Kila idadi ina ishara yake. Gulliver alifanya vema kuiandika. Lakini yeye hakuwa na darasa la kufundisha hesabu asubuhi ya kesho yake. Swali la nini kinampata mtoto mwenye ishara hizo mwalimu anapomwambia ahesabu kwa vidole, hilo si swali la Gulliver. Ni la mwalimu.

Tena lugha yenyewe yaleta maswali. Katika Kimaa kumi ni tomon, na kumi na moja ni tomon o obo. Mjengo ni ule ule wa Kiswahili. Ishirini ni tikitam, thelathini ni osom, arobaini ni artam: majina ya pekee yasiyotokana na mbili, tatu na nne, kama vile ishirini, thelathini na arobaini zetu zilizotoka Kiarabu. Majina ya idadi za kwanza hubadilika kwa jinsi ya kitu kinachohesabiwa, nasi katika Kiswahili twasema kimoja na mmoja, viwili na wawili. Yaonekana basi kwamba mtoto wa Kimaa angepita kwa urahisi kutoka hesabu zake hadi za Kiswahili, na kujikwaa baadaye kwenye eleven na twelve za Kiingereza. Yaonekana, lakini je, ndivyo ilivyo? Hapana ajuaye mpaka mtu ahesabu.

Tuseme mwalimu wa darasa la kwanza aamua kulichunguza neno hili. Siku ya kwanza ya muhula na aandike anachokitarajia, na aandike pia ni jambo gani likitokea litaonyesha kwamba amekosea. Kisha kila juma amwulize kila mtoto, si wale wepesi tu, aonyeshe idadi fulani kwa mkono na kuitaja kwa kinywa. Aandike idadi, ishara, neno na lugha. Watoto wasiosema Kimaa nyumbani waandikwe vile vile, ili pawe na cha kulinganisha. Mwalimu mwenzake asiyejua matarajio yale asikilize baadhi ya watoto na kuandika kwa mkono wake. Madaftari mawili yakitofautiana, tofauti isifichwe. Mwisho, shule ya jirani irudie. Kazi hiyo yahitaji daftari, kalamu na uvumilivu wa muhula mmoja. Hapo pingamizi la Hodgkinson juu ya mafunzo lapungua nguvu. Lile la nafasi labaki, na ni juu ya mwalimu mkuu kulijibu kwa kumpunguzia vipindi.

Wala si kila swali la mahali pale ni la mwalimu. Chemchemi na visima vingi kuzunguka Meru vina floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto huonekana darasani. Mwalimu aweza kuandika ni watoto wangapi na wateka maji wapi, kama alivyofanya daktari wa Kuluva. Lakini kuyapima maji ni kazi ya maabara. Kujua mpaka wa kitanda chako ni sehemu ya kukijua.

VII

Yamebaki mambo mawili ambayo watetezi wa uchunguzi wa namna hii huyapita upesi. La kwanza ni mamlaka. Mgeni akimwuliza mtoto swali, mtoto aweza kunyamaza. Mwalimu wake akimwuliza, hawezi. Mzazi naye ataogopa kukataa, kwa kuwa mtoto yu mikononi mwa mwalimu. Kwa mchungaji jambo ni zito zaidi, maana mengi aliyoyajua aliyajua kwa sababu watu walimwamini katika shida zao, wala hawakumpa ili ayaandike. Ukaribu umpao mwenye kazi ujuzi wake ndio pia umpao nguvu ya kudhuru. Basi yampasa kuomba ruhusa kwa maneno yanayoeleweka, kuficha majina, na kuacha kabisa yale aliyoambiwa kwa siri, hata kama ndiyo yangeipamba makala yake.

La pili ni lugha ya kuandikia. Mwaka 1975 ulianza huko Bagamoyo uchunguzi ulioitwa Jipemoyo, ulioongozwa na Marja-Liisa Swantz pamoja na wenzake, ambao nia yake ilikuwa wanakijiji wawe wachunguzi pamoja na wataalamu. Nia hiyo twaisifu. Lakini sehemu kubwa ya maandiko yake ilitoka kwa Kiingereza, na kwa hiyo wengi waliosemwa humo hawakuweza kusema, Hapa mmekosea. Ikiwa hadhara ndiyo mizani ya uchunguzi, basi hadhara ya mwalimu wa Oldonyo Sambu si maprofesa peke yao. Mzazi wa Kiarusha ajuaye ishara za vidole kuliko mwalimu ni mwamuzi pia, naye yapasa apewe maandiko kwa Kiswahili, au asomewe kwa Kimaa.

Kwa hayo yote hukumu yetu ni hii. Vyuo vyetu, vya Arusha na vya kwingine, vifanye vema kuupokea uchunguzi wa mwenye kazi juu ya kazi yake kuwa elimu kamili, visiuweke katika daraja la chini kwa sababu mwandishi yumo ndani. Lakini visiupokee kwa huruma. Pamoja na makala ipelekwe daftari lenyewe, lenye tarehe zake. Miongoni mwa watahini awepo mtu wa kazi ile ile. Na kazi iliyoonyesha kwamba njia mpya haikufaa ipewe heshima sawa na iliyofaulu, ikiwa imeandikwa kwa uaminifu. Mwalimu akileta daftari la namna hiyo, watahini wasianze kwa kumwuliza ana shahada gani. Wamwulize kwanza ni ukurasa gani unaoonyesha kwamba mambo hayakuwa kama alivyotarajia, na baada ya hapo alifanya nini darasani.